Diski ya kuazima: kisa cha DJ na harusi ya siku mbili Tanga

Kisa hiki kinamhusu DJ wa Tanga mjini anayepiga kwenye harusi kwa laptopu na kontrola, kifaa cha kuendeshea programu ya muziki. Majina ya watu na tarehe vimeondolewa, na mambo machache yasiyogusa kiini yamegeuzwa ili familia isitambulike. Kimeandikwa kwa ajili ya wanaofanya kazi hii kila wiki, kwa sababu makosa yaliyomo ni yale yanayofanyika kimyakimya mpaka siku yanapotokea hadharani.

## Usuli

DJ ana miaka sita kazini. Ana laptopu yenye RAM ya GB 8, kontrola ya chaneli mbili, mikseri ndogo, spika mbili za inchi 15 zenye amplifaya ndani na sabu (spika za besi) mbili za inchi 18. Maktaba yake ilikuwa na nyimbo kama 2,300, karibu zote Bongo Fleva, amapiano na singeli. Kwa baa na send-off za vijana zilimtosha.

Kazi aliyopewa safari hii ilikuwa ya siku mbili. Alhamisi usiku ni ngoma ya wanawake watupu, uani, kwenye nyumba moja ya Ngamiani. Jumamosi ni tafrija ya watu kama 250 ukumbini. Bei shilingi 700,000, na 300,000 zikatangulia. Mama wa bibi harusi akampa karatasi yenye nyimbo 22 alizoziandika kwa mkono: saba za taarabu ya zamani ya Tanga, za Black Star na Lucky Star, nne za dansi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, kwa ajili ya babu na bibi, nane za rusha roho, na tatu za singeli. Pembeni ya singeli alikuwa ameandika, "isiyo na matusi, wazee wapo."

Orodha ile inaonyesha mteja alikuwa anajua anachotaka. Taarabu ya Tanga ilijipatia sauti yake kwa vikundi vidogo vyenye gitaa, besi na ngoma, wakati Unguja ilikuwa na okestra kubwa za fidla, kanuni na udi. Mtu aliyekulia Ngamiani enzi zile anazitofautisha kabla mwimbaji hajafungua kinywa. DJ hakulipa jambo hilo uzito.

Kati ya nyimbo 22 alikuwa nazo sita. Zilibaki siku nne.

## Uamuzi wa kwanza: nyimbo zitoke wapi

Njia zilikuwa tatu. Angeweza kutafuta wimbo mmoja mmoja kwa mwenyewe: kununua kwenye maduka ya mtandaoni kama Bandcamp ambako upo, na kuvipigia simu vikundi vya taarabu vya mjini. Angeweza kumwambia mama mapema kwamba kadhaa hatazipata. Au angeazima diski ya mwenzake yenye nyimbo 18,000, bila malipo, siku hiyohiyo.

Akachukua diski. Ikampa nyimbo 11, na tano zilizobaki akazivuta YouTube kwa tovuti ya kubadilisha video kuwa MP3. Alipoulizwa baadaye alitoa sababu nne: muda haukutosha, hela ilikuwa imeshaingia kwenye usafiri, aliogopa kuonekana hajui kazi, na kila DJ anayemfahamu alianza hivyo. Hakuna hata moja ya kudharauliwa. Kosa lililozaa mengine yote lilikuja Jumatano usiku: aliingiza nyimbo kwenye programu, akaiacha ihesabu BPM (idadi ya midundo kwa dakika), akaenda kulala. Hakusikiliza hata moja mpaka mwisho.

Jambo moja alilifanya vizuri. Alinakili zile nyimbo kwenye diski ya ndani ya laptopu badala ya kupiga moja kwa moja kutoka kwenye ile ya kuazima. Diski ya nje ya kuzunguka, ikiwekwa kwenye meza iliyo karibu na sabu, hutikisika na kukwama kusoma, na wimbo ukakatika katikati.

## Alhamisi: nyuma ya pazia

Kwa kuwa ni shughuli ya wanawake, DJ aliwekwa nyuma ya pazia la kanga, na msaidizi wake, binamu yake wa kike, akakaa mbele. Mpango ulikuwa kwamba amtumie ujumbe wa simu wa neno moja: "wamekaa", "wanacheza", "badilisha". DJ asiyeona uwanja anapiga gizani, na macho ya kuazima namna hii yalifanya kazi kuliko walivyotarajia. Dakika 40 za mwanzo zilikwenda sawa.

Kisha ukaanza wimbo wa tatu wa taarabu ya zamani. Msaidizi akaandika, "upande wa kulia kimya." Faili lilitokana na kaseti, na sauti ilikuwa chaneli ya kushoto peke yake. Zaidi ya hapo ilikuwa ndogo, kwa hiyo DJ akazungusha gaini, kitufe cha nguvu ya sauti inayoingia, mpaka karibu na mwisho. Wimbo ulipokwisha akaingiza rusha roho ya kisasa, iliyorekodiwa kwa sauti ya juu, bila kurudisha gaini. Taa za limita zikawaka nyekundu mfululizo, na kina mama wa mstari wa mbele wakaziba masikio. Kipengele cha programu cha kusawazisha sauti za nyimbo kilikuwa kimezimwa.

Pazia liliongeza tatizo. Sauti nyembamba huenda mbele ya spika. Nyuma hurudi besi. DJ aliyekaa nyuma husikia uzito mtupu, akadhani muziki umefifia, akaongeza treble. Kule mbele inachoma. Dawa ni spika ndogo ya kujisikilizia, au kutoka mbele ya spika kila baada ya nusu saa, na pasipowezekana, kutogusa EQ (vitufe vya besi na treble) kabisa baada ya kuipanga watu hawajafika.

Wimbo wa tano ndio uliomleta bibi. Bibi wa bibi harusi, ameshikwa mkono na mjukuu, akafunua pazia. DJ akasimama.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Huyo anayeimba ni nani?"

DJ akasoma jina la mwimbaji lililo kwenye kioo, mwimbaji mkubwa wa Lucky Star.

"Jina umesoma, lakini sauti si yake. Na hicho ni kinanda. Sisi tulikuwa na gitaa."

Alikuwa sahihi. Lile lilikuwa rudio la watu wengine, la kinanda, ambalo mtu fulani huko nyuma alilipa jina la wimbo wa asili, nalo likapita diski hadi diski. DJ angeweza kubisha. Alisema, "Bibi, nimepewa tu, sikuusikiliza. Nisamehe," akaushusha taratibu na kuweka wimbo aliokuwa na uhakika nao. Bibi akarudi kukaa. Wimbo wenyewe usiku ule hakuupata.

## Uamuzi wa pili: rekodi ya usiku

Wakati wa kukunja waya msaidizi aligundua kwamba kitufe cha kurekodi kilikuwa kimebonyezwa tangu mwanzo. Faili la WAV la saa tatu na dakika kumi, karibu GB 2, lilikuwa na kila kitu kilichopita kwenye kontrola, pamoja na maiki ya somo, mwanamke anayemfunda bibi harusi: mafundisho yake, nyimbo za ndani, majina ya watu, vicheko.

DJ alitaka kukata dakika 30 za muziki aziweke mtandaoni kujitangaza. Msaidizi akamwambia, "Kaka, humu mna maneno ya wanawake. Hata ukiyakata, faili zima litabaki kwako." Wakamwita somo, wakamweleza, wakalifuta mbele yake na kumwaga kapu la taka la kompyuta.

Huu ndio uamuzi bora wa kisa chote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, lakini hapa hata kabla ya sheria pana ada: simu za wageni ziliwekwa kapuni mlangoni ili yasemwayo ndani yabaki ndani. Aliyekubali kuongea kwenye maiki hakukubali kurekodiwa. Anayerekodi seti zake aizime njia ya maiki kwenye rekodi, au aunganishe maiki kwenye mikseri ya nje, baada ya kontrola, ili programu ipokee muziki tu. Na kwenye shughuli ya wanawake asirekodi kabisa.

## Jumamosi: ukumbini

Bwana na bibi harusi walipoingia, DJ alipiga moja ya nyimbo alizozivuta YouTube. Sekunde ya 22, katikati ya vigelegele, ikapaa sauti nzito ya jingo ikitaja jina la DJ mwingine na tovuti yake. Ikarudi dakika ya pili. Kwenye video ya harusi imo mpaka leo, na mpiga video hawezi kuitoa bila kuharibu wimbo.

Saa nne usiku ikafika zamu ya singeli. DJ alichagua faili ambalo mwisho wa jina lake pameandikwa "safi". Mwenye diski alikuwa ameliongeza neno hilo kwa mkupuo kwenye folda nzima, kwa kudhani. Dakika ya kwanza na nusu matusi yakatoka wazi, mbele ya mashehe wawili na wazee wa pande zote mbili. DJ alishusha chaneli, MC akachukua maiki na kuwaita wapambe, na ndani ya sekunde kama sita ukumbi ukawa unasikiliza kitu kingine. Walikuwa wamekubaliana ishara ya dharura, mkono juu ya kichwa, kabla shughuli haijaanza. Bila hiyo ingekuwa nusu dakika ya ukimya na aibu.

## Matokeo

Mama wa bibi harusi alikata shilingi 150,000 kwenye salio. DJ hakubishana, akaomba radhi kwa simu kesho yake.

Lililomuuma zaidi lilitokea wakati wa kupakia spika. Mgeni mmoja, mpiga bongo wa kikundi cha taarabu cha hapo mjini, alimsogelea kwa furaha: "Kaka, nimeusikia wimbo wetu. Umeununua wapi?" DJ hakuwa na jibu. Kumbe kikundi hutoa faili la WAV kwa shilingi 5,000, kwa WhatsApp, linatumwa kama dokyumenti ili lifike kama lilivyo. Kutoka kwa DJ mpaka kwa kiongozi wa kikundi ni safari ya bodaboda ya dakika kumi.

## Uchambuzi

DJ wengi hutenga maswali mawili: wimbo huu ni wa halali, na wimbo huu utasikika vizuri. La kwanza huachiwa dhamiri, la pili huitwa ufundi. Kisa hiki kinaonyesha ni swali moja. Faili bovu, jina la uongo, jingo ya mtu na "safi" isiyo safi vyote vilitoka mahali pamoja: mafaili yaliyopita mikono mingi bila yeyote kuulizwa yametoka wapi. Anayepata wimbo kwa mwenyewe hupata jina sahihi, chaneli mbili, na toleo lisilo na matusi akiliomba. Diski ya kuazima humpa makosa ya kila aliyeishika.

Tuangalie ubora, maana hapa pana imani potofu nyingi. MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde huchukua karibu MB 2.4 kwa dakika. Ya 128 huchukua karibu MB 1. Tovuti za kubadilisha YouTube huandika "320" kwa sababu zimelipanua faili, lakini sauti iliyokwisha kupotea hairudi. Wimbo wa dakika tano utakuwa na MB 12 na bado uwe mbovu. Njia ya kuukamata ni kuufungua kwenye Spek, programu ya bure inayochora sauti: ikiwa rangi inakatika kama kwa kisu karibu na kilohezi 16, jihadhari, 320 halisi ya rekodi ya kisasa hupanda mpaka karibu 20. Rekodi ya kaseti inaweza kuishia chini kwa asili yake, kwa hiyo hapo sikio ndilo mwamuzi. Kwenye simu hutajua tofauti. Kwenye spika za inchi 15, matoazi na makofi ya taarabu husikika kama maji yanayomwagwa.

BPM nayo ilimdanganya. Singeli ya 240 programu huisoma 120, na hilo ni rahisi kulirekebisha kwa kitufe cha kuzidisha mara mbili. Nyimbo za Atomic na Jamhuri ni tatizo jingine: watu walipiga pamoja chumbani bila mdundo wa mashine, kasi inapanda na kushuka kidogo kidogo, na mistari ya midundo inayochorwa na programu hukosea kila baada ya sekunde chache. Sync, kitufe kinacholinganisha midundo ya nyimbo mbili, iachwe kabisa. Subiri gitaa limalize mzunguko wake, ingiza wimbo unaofuata hapo. Mzee anayecheza dansi hataki nyimbo mbili zipandane. Anataka amalize hatua zake.

Kuhusu sheria, kinachochanganywa kila siku ni hiki: haki ya kupiga hadharani na haki ya kunakili ni mbili, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inazitenga. Ukumbi ukiwa umelipia leseni, hilo linahusu kupiga. Halihalalishi nakala 18,000 zilizohamia kwenye laptopu yako. Wala kulipia Spotify au Boomplay hakukupi faili la kazi: wimbo unaohifadhiwa humo hufungwa ndani ya programu, na masharti ni ya kujisikilizia mwenyewe. YouTube nayo hairuhusu kupakua nje ya kitufe chake. Tena wimbo kuwa wa zamani si kusema hauna mwenyewe. Ulinzi wa mtunzi ni maisha yake na miaka 50 baada ya kufa.

Tukubali ugumu uliopo. Taarabu ya Tanga ya miaka ya 1960 na 1970 nyingi haipo dukani. Baadhi ya rekodi za Tanzania za miaka hiyo zimetolewa upya na kampuni za Ulaya, na baadhi zimo kwenye kanda za iliyokuwa Radio Tanzania, ambazo ziko TBC. Zilizobaki ziko kwenye santuri na kaseti za watu. Kwa DJ mwenye siku nne hilo ni ukuta. Lakini kulikuwa na mlango aliouacha, nao ni kumwambia mama ukweli siku ya kwanza. Aliogopa kuonekana hajui kazi, na akaonekana hajui kazi mbele ya watu 250.

Hoja ya "kila mtu anafanya" tunaipa nusu ya haki yake. DJ chipukizi hawezi kununua nyimbo elfu mbili. Anachoweza ni kununua za kazi iliyo mbele yake. Hapa zilipungua 16. Hata zote zingepatikana kwa bei ya kile kikundi, ni shilingi 80,000 kwenye kazi ya 700,000. Alipoteza 150,000.

## Alivyojenga upya

Alirudisha diski na kufuta vyote alivyonakili kutoka humo. Kisha akaanza kujaza sehemu ya maelezo ya kila faili kwa herufi moja: N, nimenunua; R, nimepewa kwa ruhusa ya mwenyewe; S, sijui ulikotoka. Wenye S hauingii kwenye krati (folda ya nyimbo) ya kazi, hata uwe mzuri namna gani. Kazi hii ya kuweka alama ilimchukua wiki tatu, saa moja kila usiku, na nyimbo zake za zamani zaidi ya 900 zilipata S.

Kila wimbo wa mteja sasa anausikiliza wote kwa headphone, maneno kwanza. Baadaye anakagua chaneli zote mbili, anaupitisha Spek, na anasawazisha kiwango cha sauti kabla ya siku ya kazi. Faili la upande mmoja analifungua kwenye Audacity, analigawa kuwa chaneli mbili za mono na kufuta ile iliyo kimya. Ukikutwa nalo ukumbini, chomoa waya wa kontrola ulio na sauti, uuingize kwenye chaneli ya mono ya mikseri, pan (kitufe cha kushoto na kulia) katikati. Spika zote zitasema.

Makubaliano yake na mteja yameongezeka mistari mitatu: orodha ifike siku kumi kabla; wimbo usiopatikana kwa mwenyewe atautaja siku ya tano; hatarekodi bila ruhusa ya maandishi.

Kazi iliyofuata ilikuwa Chumbageni, nayo ya wanawake. Orodha ilifika kwa wakati, na siku ya tano alipiga simu kusema nyimbo tatu hazipatikani. Mama mwenye shughuli alibadilisha mbili palepale. Ya tatu, ya taarabu ya zamani, alisema iachwe kwenye orodha, shangazi yake anaijua yote. Usiku huo DJ alishusha muziki, msaidizi akapeleka maiki mbele ya pazia, na shangazi akaimba beti nne, wenzake wakimpigia makofi.